Baba Nasra, Kashata Hayupo

Mume wangu, Baba Nasra,

Nilitaka nianze kwa kukuuliza hali, kama nilivyozoea ulipokuwa safarini, nikaona ni upuuzi. Hali yako Mungu ndiye anayeijua, na yangu sina pa kuificha. Basi naanza na lile zito. Mbwa wako amepotea. Alikimbia jioni ya fataki, mwezi wa tatu tangu tukuzike, na mpaka ninapoandika hajaonekana. Najua swali lako la kwanza lingekuwa lipi: "Na wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwepo. Nilikuwa pale getini, namtazama.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana hadithi ya kurukaruka ilikuwa inakuudhi, na sitaki kukuudhi zaidi ya nilivyokwisha kukuudhi.

Siku uliyomleta ulikuwa hata mwezi hujamaliza tangu ustaafu. Hujui mikono yako uiweke wapi. Unafungua friji, unaifunga, unanifuata jikoni kuniuliza kwa nini kitunguu nakikata hivi na si vile. Ukaenda zako kutembea wadini, lile bonde kavu nyuma ya nyumba, ukarudi na kitu umekifumbata ndani ya kanzu. Nikadhani tende. Kumbe mtoto wa mbwa, rangi ya kashata ya karanga, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilipiga ukelele mpaka jirani akachungulia ukutani.

"Baba Nasra, umerukwa na akili? Malaika watapita wapi nyumba hii?"

"Atakaa uwani, Mama Nasra. Malaika watapita mlango wa mbele."

Ulikuwa na utulivu wako ule wa kumtia mtu wazimu. Siku hiyo, kuitoa najisi, ulifua kanzu yako mara saba kwa mikono yako mwenyewe, mara moja kwa udongo, nami nimekusimamia nahesabu kwa sauti. Ulipofika ya tano ulijaribu kuruka hesabu, nikakurudisha ya nne. Ulicheka peke yako pale kwenye beseni, na mimi nikajizuia nisicheke, kwa sababu nilikuwa nimeamua kukasirika mpaka Ijumaa.

Ulisema ni mlinzi, na mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake. Mlinzi gani yule, Baba Nasra? Paka wa jirani akipita juu ya ukuta, mlinzi anaingia chini ya gari. Muuza maji akibisha, mlinzi anatikisa mkia. Lakini akabaki, akapata jina la Kashata kwa rangi yake, akapata kile chumba cha pampu uwani kuwa chake. Miaka saba mimi sikumgusa. Sahani yake niliisogeza kwa mpini wa ufagio, na aliujua ule mpini kuliko alivyonijua mimi. Nilimpikia, lakini. Wali wa kuku, mifupa nimeitoa mmoja mmoja, bila chumvi. Hilo uliliona kila siku na hukuwahi kulisema, na kwa hilo nakushukuru.

Jioni ya kwanza ya fataki za sikukuu ya taifa hatukujua lolote. Tulipanda juu ya paa na chai yetu, kama nusu ya watu wa mtaa wetu wa Bawshar walivyopanda juu ya mapaa yao, tukawa tunasema "mashaallah" kila zikifunguka. Uliposhuka ulimkuta ameupasua mlango wa chumba cha pampu kwa kucha. Damu miguuni, povu mdomoni, amejibana nyuma ya tangi la maji mahali ambapo hata mkono haupiti. Ulikaa naye chini mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nilikuletea shuka dirishani. Asubuhi macho yako yalikuwa mekundu, ukaniambia, "Sisi tunatazama rangi, yeye anajua anakufa." Sikuwahi kukusikia ukisema neno kama lile kwa mtu, seuze kwa mnyama.

Tangu hapo ukawa unajiandaa kama mtu anayekwenda Hija. Ulimwendea daktari wa wanyama ukarudi na karatasi, ukaisoma na miwani mara mbili. Siku ya fataki chakula alipewa mapema, kabla ya Alasiri. Halafu ulimtembeza mpaka achoke yeye na uchoke wewe. Halafu garini, vioo juu, safari ya Yiti, nyuma ya ile milima, ambako mlio haufiki. Mwaka mmoja nilikuja nawe. Mimi mbele na chupa ya chai na vitumbua, yeye nyuma juu ya blanketi lako la zamani. Tulisimama mahali hapana mtu. Ulifungua mlango wa nyuma, ukakaa karibu naye bila kumshika, ukawa unamzungumza kwa sauti ya chini, unamwambia habari za bei ya papa na za mtu fulani aliyekuudhi kazini zamani. Na kila baada ya muda: "Hamna kitu, bwana. Hamna kitu." Alilala. Wewe ukaendelea kuzungumza. Nikafikiri, huyu mwanamume mimi sijawahi kumsikia akinizungumza hivi, na nikaona wivu, wallahi, wivu wa mbwa.

Mwaka jana moyo wako ulikuwa umeshaanza kukusumbua, na daktari alikukataza kuendesha. Ndipo mkakaa nyumbani. Ulitundika mablanketi dirishani mwa chumba cha pampu, ukawasha feni kubwa kwa ajili ya kelele yake, ukaweka redio yenye taarabu kwa sauti. Ukageuza ndoo, ukaikalia, ukafungua gazeti. Mimi nimesimama mlangoni na sinia.

"Sikiza, Mama Nasra, ujue kazi hii. Usimkemee. Usimbane kwa nguvu. Akitaka kujificha mwache ajifiche. Weye kaa karibu tu, fanya kama siku zote. Akikuona hukushituka, na yeye hofu humpungua."

"Kwa nini unanambia mie?"

"Kwani kuna nani mwengine hapa? Hebu kaa basi."

"Nna udhu," nikakwambia.

Nilikuwa na udhu kila ulipotaka nikae nanyi. Uligeuza ukurasa. Sasa najua ulikuwa unanifundisha kwa sababu ulijua, na mimi nilisimama mlangoni kama mgeni.

Kisha ukaondoka. Sitaandika siku ile, uliondoka wewe, unaijua.

Eda nilianza siku ile ile. Miezi minne na siku kumi, mjane ndani ya nyumba ya mumewe, hapana marashi, hapana wanja, hapana kutoka. Nilisema nitaikaa kama inavyotakiwa, hiyo ndiyo zawadi ya mwisho niliyobakiwa nayo kukupa. Dada yako Zuwena alikuwa anakuja kila asubuhi kunisaidia kuikaa. Mungu amlinde, aliikaa eda yangu kuliko mimi mwenyewe. Nikisogea dirishani: "Wapita njia watakuona." Nikizungumza kwa simu: "Sauti, Mama Nasra, sauti." Nikimwekea Kashata sahani uwani, anasimama mlangoni na tasbihi yake mpaka nirudi ndani.

Kashata naye alikaa eda yake. Gari lako tulimpa Nasra, na kila alipokuja binti yako, mbwa alisikia injini tangu kona ya msikiti. Aliinuka, akaenda getini, mkia unakwenda. Mlango wa gari ukifunguliwa akashuka Nasra, alirudi akalala. Hakuacha. Mara ishirini, mara thelathini, aliinuka vilevile. Mimi nilikuwa natazama nyuma ya pazia, na nilimwelewa, kwa sababu na mimi kila injini ile ikisikika nilikuwa nainua kichwa.

Siku ya fataki ilipokaribia nilimwambia Nasra wiki nzima kabla. Akaniapia atakuja kabla ya Alasiri ampeleke Yiti, yeye na wanawe. Nilimpikia Kashata mapema. Alasiri ikafika, Nasra hajafika. Magharibi, hajafika. Mji mzima ulikuwa barabarani, magari yamepambwa bendera, honi tupu. Akanipigia analia: "Mama, njia zimeziba, saa nzima nipo pahala pamoja, siwezi kwenda mbele wala kurudi." Nikamwambia, "Basi mwanangu, usilie, nitakaa naye mie." Nilisema hivyo kwa mdomo mwepesi kabisa.

Nikafanya kila ulichonionyesha. Mablanketi dirishani. Feni. Redio. Zuwena akasema redio ya taarabu katika nyumba ya msiba ni aibu, nikaiacha ikiimba. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia tangu ufe. Nikageuza ndoo yako nikaikalia, na tangu mwanzo nilikuwa mbali, karibu na mlango, nguo nimezikusanya mapajani.

Fataki zilianza baada tu ya adhana ya Isha. Mlio wa kwanza ulilitikisa bati la chumba. Kashata hakubweka. Alianza kutetemeka kuanzia kiunoni, mate yanamtoka, na alikuwa haniangalii mimi, anaangalia mlango, upande wa geti. Alikuwa anakusubiri uje na gari. Nilimwambia, "Hamna kitu, bwana." Sauti haikuwa yako, akaijua si yako. Nikasogeza ndoo. Nikasogeza tena. Mwisho nikashuka chini sakafuni, na nguo zangu zote, nikamwekea mkono mgongoni.

Baba Nasra, ana joto! Miaka saba sikujua kwamba ana joto kiasi kile. Nilihisi moyo wake unavyokwenda mbio chini ya vidole. Sikumbana. Niliuweka mkono tu, nikawa namzungumza, nikamwambia habari za Zuwena na sauti, na kwamba kaburi lako sijaliona. Akanilazia kichwa gotini. Kutetemeka kukaanza kupungua, si kwamba kuliisha, kulipungua. Fataki zilikuwa zinalia nje na yeye kichwa chake kipo gotini pangu.

Hapo Zuwena akatokea mlangoni. Dereva wake alikuwa ameshafika kumchukua.

"Yallah! Mama Nasra! Mate ya mbwa yamekuenea, na Isha hujaswali. Nenda kaoge, ubadili nguo, wakati unakupita."

Wakati wa Isha ni mrefu, mimi na yeye tunajua. Ningeweza kumwambia kwaheri na kubaki pale. Lakini nilijiangalia, nikaona mate kwenye sketi, nikaona jicho la Zuwena, nikarudi kuwa yule yule wa miaka yote. Nikainuka. Nilikitoa kichwa cha Kashata gotini kwa mikono miwili, nikakiweka sakafuni, nikasema, "Narudi sasa hivi." Mlango niliuegesha tu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa najisi na sikutaka kushika kitasa.

Sijafika hata bafuni. Ulilia mlio ule mkubwa, ule wa kufululiza, nikasikia mlango wa chumba cha pampu umebamizwa. Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya gari la Zuwena. Alipita kama kitu kilichorushwa.

Nilikimbia mpaka getini. Mtaa wote ulikuwa nje, wanaume wamebeba watoto mabegani, wanawake na simu zao juu. Na Kashata alikuwa amesimama pale mbele kidogo, chini ya taa ya barabarani. Alikuwa amesimama, Baba Nasra. Hakuwa anakimbia. Aligeuka akanitazama, mkia katikati ya miguu, akangoja. Nina hakika alikuwa anangoja. Kama ningetoka, kama ningemwendea taratibu bila kushituka, kama ulivyosema, angekaa.

Majirani nao wakageuka kunitazama. Mjane wa miezi mitatu, kichwa hakijasitirika sawasawa, getini. Zuwena nyuma yangu: "Usitoke! Eda yako!" Vidole vya mguu wangu vilikuwa juu ya reli ya geti. Nikamwita kwa sauti ya ndani, sauti ya mtu anayechelea kusikiwa. "Kashata." Hakunisikia mimi, alisikia mlio mwengine uliopasuka juu yetu. Akageuka, akashika njia ya barabara kuu.

Sikutoka. Nilisimama mpaka fataki zikaisha na watu wakaanza kuingia ndani, na hakuna aliyenilaumu. Mama mmoja aliniambia nimefanya vyema kujihifadhi.

Nasra alifika akamtafuta mpaka petroli ikamwishia. Siku zilizofuata aliisambaza picha yake kwenye simu za watu. Tukaletewa picha za mbwa wa kila namna. Mtu mmoja akaandika kwamba kule Qantab kuna mbwa wa rangi hiyo analala karibu na mashua. Nasra akaenda na kuku wangu ndani ya bakuli. Alikuwa mbwa mwengine, jike, na watoto wake. Kuku akampa yule. Aliporudi na bakuli tupu nilidhani amempata, na kwa muda wa kutoka garini hadi mlangoni nilikuwa mtu mwenye bahati.

Sasa Nasra ananiambia huenda ameokotwa na watu wema. Namwitikia, kwa sababu na yeye anajilaumu. Ile ni barabara ya njia nne, usiku wa honi, na mbwa asiyeona mbele kwa hofu. Sina matumaini na sitaki mtu anipe.

Lililobaki ni hili, na hili ndilo lililonifanya niandike, tena niiache barua wazi asome atakaye. Wiki chache baadaye mwalimu wetu wa darsa alikuja kunitazama. Nikamsimulia. Nilikuwa nimeomba, Baba Nasra, nilikuwa nimemwomba Mungu huyu mwanamke aniambie nilifanya sawa, kwamba ilikuwa haramu na sikuwa na njia. Akanishika mkono.

"Mama Nasra, eda si kifungo. Mjane akiwa na haja mchana hutoka, na dharura ikimfika hutoka hata usiku. Kiumbe kinaangamia mbele yako, je, hiyo siyo dharura? Ungetoka tu, mama. Ungetoka, ukamchukua, ukarudi."

Alisema kwa upole. Afadhali angenipiga.

Kwa hiyo si Mungu aliyenizuia. Nilidhani nakutunzia heshima wewe, na si wewe pia. Wewe ungenisukuma nje kwa mkono wako. Nilizuiwa na watu wa mtaani, ambao nusu yao majina yao siyajui. Kwa ajili yao nilimwacha yule aliyekuwa ananipa habari zako kila injini ile ikisikika. Hakuna mwengine nyumbani humu anayeinuka sasa. Nasra akija, gari linazimwa, kimya.

Eda iliisha wiki iliyopita. Zuwena alinisimamia nikaoga, akanivisha nguo mpya, akanifukiza udi, akalifungua geti mwenyewe. "Haya, Mama Nasra, khalas. Toka uende utakako." Wote waliokuja wakangoja niseme nataka kupelekwa wapi. Nilitoka peke yangu, nikatembea mpaka chini ya ile taa, nikasimama pale aliposimama, nikageuka nikalitazama geti. Halafu nikarudi nahesabu. Ni hatua kumi na tisa, na mimi ni mtu mzima wa hatua fupi.

Msamaha sikuombi. Ungenipa kabla sijamaliza sentensi, nakujua, na usingenisaidia kitu. Nasra anataka kunipeleka Yiti nikapunge hewa, nimemwambia siku nyingine. Geti linakaa wazi mchana kutwa siku hizi, na hakuna anayenikataza lolote. Pumzika, baba. Mie nipo ndani.

Mkeo,
Mama Nasra